Ugonjwa ni wa Mtu au ni wa Nyumba?



Katika darsa yetu ya baada ya magharibi tuliulizwa suala ambalo hatukulijibu siku ile kama lilivyostahili kujibiwa, na kwa sababu hiyo twalirudia hapa kwa maandishi. Muulizaji alikuwa ni mzee wa mtaa wetu huu wa Kuze, mtu wa heshima, mwenye kuhudhuria kwa miaka mingi. Alisema: "Sheikh, hawa vijana wanaokaa vichochoroni wakivuta unga na kukohoa, kila siku mwawahubiri juu ya nafsi zao. Nami mwaka huu nimezika wawili kutoka nyumba moja. Je, ugonjwa huu ni wa mtu au ni wa nyumba?"

Baadhi ya watu walicheka, wakidhani ni mzaha wa wazee. Mimi nilijibu kwa maneno mafupi kwamba kila mtu ataulizwa kwa amali yake, kisha tukaendelea na kitabu. Jawabu hilo ni sahihi, walakini halikuwa jawabu la suala aliloliuliza. Na lililo baya zaidi ni kwamba mimi nilikuwa najua. Wa pili katika hao wawili waliozikwa alikuwa mwanafunzi wangu wa chuo. Alisoma mbele yangu tangu akiwa na miaka saba, na sauti yake ya kusoma ilikuwa nzuri. Alipoanza kuonekana maskani pamoja na mateja nilimkemea mbele ya watu, tena si mara moja. Na tangu hapo, kila akiniona kwa mbali hubadili njia. Alikufa kwa kifua kikuu. Sikuwahi kuingia katika chumba alicholala mpaka siku ya maziko yake.

Chumba kile kiko chini, na zamani kilikuwa ghala ya duka. Hakina dirisha ila tundu moja lililotazama kichochoro, nalo lilikuwa limezibwa kwa bati ili wapitao wasichungulie. Adhuhuri yalazimu taa iwake. Ukuta umefumka kwa chumvi na unyevu. Humo walilala mama mtu na wanawe watano. Nilisimama mlangoni nikaona uzito wa kuvuta pumzi, na hali mimi ni mzima. Nimekiona chumba kile, na bado nikamjibu yule mzee vile nilivyomjibu. Basi hii ni kadha yangu, nailipa sasa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa. Mgonjwa akohoapo au asemapo, vijidudu hutoka na kuelea. Mahali penye dirisha na upepo hutawanyika, na mahali palipofungwa hukaa kwa saa nyingi, kikawa kila aliyemo avuta hewa ile ile. Dawa yake ipo, na katika hospitali za serikali hutolewa bila ya malipo, lakini yataka inywewe kwa muda wa miezi sita bila ya kukatiza, na mwili unaoinywa wataka chakula. Sasa tazama: dawa ni ya bure, ila hewa si ya bure, wala chakula, wala utulivu wa kukaa miezi sita mahali pamoja. Huko Uingereza vifo vya kifua kikuu vilikuwa vimekwisha kupungua sana kabla ya dawa yake ya kwanza, streptomycin, kupatikana katika miaka ya 1940. Wataalamu wangali wakibishana ni kipi hasa kilichovipunguza, kama ni chakula bora, au nyumba pana, au kutengwa kwa wagonjwa. Lakini hakuna asemaye kwamba vilipunguzwa na tembe.

Wala jambo hili si geni katika vitabu vyetu. Ibn Khaldun, aliyeishi baina ya mwaka 1332 na 1406, ameeleza katika Muqaddima yake kwamba miji ikisongamana sana hewa yake huharibika, na maradhi na tauni yakazidi. Na kwa hivyo akaona ni lazima pawe na nafasi tupu baina ya majengo, ili upepo upite na kuleta hewa safi mahali pa ile iliyochafuka. Hayo aliyaandika zaidi ya miaka mia tano kabla ya watu kujua vijidudu vya kifua kikuu. Na wazee wetu waliojenga Mji wa Kale walilijua hilo kwa mikono yao. Nyumba ya asili ya Mombasa ina dari ya juu, ina madirisha marefu yenye mbao za kupitisha upepo, ina roshani, na nyingi zina ua wa ndani ulio wazi juu, ambao hutoa hewa ya moto na kuingiza ya baridi. Njia zetu ni nyembamba kwa sababu ya kivuli, si kwa sababu ya ubahili wa ardhi. Nyumba kama hiyo ilikuwa ya jamaa moja.

Lakini ni nini kilichoipata? Mwenye nyumba amekufa, warithi wamekuwa kumi na wanane, wengine wako Maskati na wengine London. Nyumba haiuzwi wala haitengenezwi. Ua umeezekwa bati ukawa chumba. Sebule imekatwa kwa mbao za plaiwudi ikawa vyumba vitatu. Ghala ya chini imepangishwa kwa mtu asiye na uwezo wa kupanga kwingine. Mji wa Kale umekuwa eneo la hifadhi tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na kubadili uso wa nyumba kwataka idhini. Nasi twaiunga mkono hifadhi hiyo, maana milango ile ikienda haitarudi. Ila twasema kwamba milango iliyochongwa imepata mtu wa kuihifadhi kabla ya mapafu ya walio nyuma yake. Wageni hupiga picha ya mlango wakenda zao Ngomeni.

Na maji ni hivyo hivyo. Bomba la chemchemi za Mzima lilifika Mombasa mwaka 1957, wakati mji ukiwa na watu wachache mno kuliko hivi leo. Sasa mifereji mingi hutoa maji kwa zamu au haitoi kabisa, na mwenye dhiki hununua mtungi kwa mwenye mkokoteni, kwa bei ambayo mwenye bomba lake haijui. Visima vyetu vya zamani vimekuwa jirani na mashimo ya vyoo. Sina haja ya kurefusha hapo. Kila mama asomaye karatasi hii aweza kuandika mlango huu kuliko mimi.

Nitarefusha katika jambo la kazi, kwa kuwa ndilo lililo nyuma ya mengine. Ugonjwa humkuta mtu katika nyumba, lakini ni pato lake lililomtia katika nyumba hiyo. Na Mombasa ina historia katika mlango huu ambayo vijana wetu hawafundishwi. Katika mwaka 1939 wafanyakazi wa mji huu waligoma, na serikali ya wakoloni ikaweka tume ya kuchunguza hali zao. Tume ikaona yaliyokuwa wazi kwa kila mpita njia: kodi ya chumba yala mshahara, na vyumba vyenyewe havitoshi. Baadhi ya waajiri wakaanza kutoa posho ya nyumba. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, bei zikapanda, watu wakazidi. Na mnamo Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi, bandarini, relini, mahotelini na majumbani, mji ukasimama kwa muda wa siku kumi na mbili. Hapo likawekwa baraza la kuhukumu, na mishahara ikaongezwa.

Zingatia kwamba bandari wakati huo ilikuwa ya vibarua. Mtu huamka alfajiri akasimama langoni. Akichaguliwa atakula, na asipochaguliwa atarudi. Katika miaka ya 1950 mambo yalibadilishwa: wafanyakazi wakaandikishwa, wakawa na kazi ya kutegemewa, na aliyehudhuria siku isiyo na meli hakurudi mikono mitupu. Wakoloni hawakufanya hivyo kwa kuwahurumia watu. Walitaka utulivu na mizigo ipakuliwe. Lakini natija yake kwa mtu wa kawaida ilikuwa kubwa. Ajuaye atapata nini mwisho wa mwezi aweza kupanga chumba chenye dirisha, aweza kumwacha mtoto shuleni, aweza kuoa. Wazee wetu wengi waliosomesha watoto wao walikuwa ni watu wa bandari. Hawakuwa na akili kuliko vijana wa leo wala hawakuwa na dini kuliko wao. Walikuwa na mwisho wa mwezi.

Sasa tazama kinyume chake. Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018. Kisha mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena yaendayo bara yapelekwe kwa reli hiyo hadi Nairobi na kutolewa huko. Huenda waliotoa amri walikuwa na hesabu zao za kulipa deni la reli. Lakini madereva, mataniboi, makuli, makarani wa forodha, mafundi wa magari na mama ntilie waliowauzia chakula njiani walijikuta hawana kazi kwa karatasi moja. Watu waliandamana mjini. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, baada ya miaka mitatu. Katika miaka mitatu kijana wa miaka kumi na tisa huwa wa ishirini na mbili. Mwanafunzi wangu niliyemtaja alikuwa taniboi wa lori. Alianza kukaa maskani mwishoni mwa mwaka 2019. Mimi niliiona ile maskani. Lori lililotoweka sikuliona.

Hapa atatokea mtu wa kusema: Sheikh, wako wengi waliokosa kazi wasivute unga. Ni kweli, wala hatusemi kwamba dhiki humshika mtu mkono ikampeleka kwa muuzaji. Kila mmoja ana hiari yake na atahesabiwa nayo. Lakini aliye katika njia pana akiteleza ana pa kushika, na aliye ukingoni akiteleza huanguka. Unga umeingia mji huu tangu miaka ya 1980. Ukiangalia ni wapi umekita mizizi, utaona kwamba haukukita pote sawasawa.

Wataalamu wa zama zetu wamelipima jambo hili kwa hesabu. Katika mwaka 1967 ulianza uchunguzi wa wanaume zaidi ya 17,000, wote watumishi wa serikali mjini London. Hao hawakuwa mafukara. Wote walikuwa na mishahara, na wote walitibiwa na serikali bila ya malipo. Hata hivyo ilionekana kwamba wale wa daraja ya chini kabisa, kama vile matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo karibu mara tatu kuliko wakuu wao. Wakasema watu, bila shaka hawa wa chini wavuta sigara zaidi. Ikahesabiwa sigara, ukahesabiwa unene na shinikizo la damu, na bado sehemu kubwa ya tofauti ilibaki haikuelezeka kwa hayo. Na tena haikuwa ni tofauti ya juu na chini tu: kila daraja ilikuwa na afya pungufu kuliko iliyo juu yake, kama ngazi. Daktari Michael Marmot, aliyeshughulika na uchunguzi huo, ndiye baadaye aliyeongoza tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoa ripoti mwaka 2008. Muhtasari wa maneno yao ni kwamba hali ambazo watu huzaliwa, hukua, hufanya kazi na kuzeeka ndani yake ndizo zinazofanya tofauti kubwa ya afya baina ya watu, na kwamba hali hizo huletwa na maamuzi ya wenye mamlaka, basi zaweza kubadilishwa na maamuzi.

Wenye kuogopa kwamba haya ni maneno ya kigeni na warejee sira ya Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Katika mwaka wa 18 wa Hijra Madina ilipatwa na ukame mkubwa, mwaka ulioitwa wa majivu. Umar hakuwakata mikono wezi mwaka ule, kwani aliona kwamba njaa imeingia baina ya mtu na hiari yake. Na kiko kisa kingine katika Muwatta ya Imam Malik, ambacho tumekisomesha mara nyingi bila ya kukitazama vizuri. Watumwa wa Hatib walimwiba ngamia wa mtu wa Muzayna wakamchinja. Umar aliamrisha wakatwe, kisha akasita. Akamwelekea bwana wao, akamwambia aonavyo ni kwamba yeye huwatia njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akasema alikataa kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamlazimisha bwana wa watumwa alipe 800.

Zingatieni, ndugu zangu, ni nani aliyetozwa. Mali iliibwa na wenye njaa, na aliyelipa mara mbili ni aliyewatia njaa.

Basi ni lipi liwezekanalo kwetu leo? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeandika kwamba kila mtu ana haki ya afya, na nyumba ifaayo, na usafi, na chakula, na maji safi. Maneno ni mazuri. Lakini sheria huandikwa mara nyingi na mtu mwenye mwisho wa mwezi, akidhani watu wote wana mwisho wa mwezi. Chukueni bima ya afya mpya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi hata asihisi. Kibarua na muuza mahamri, bima ilipoanza, walitakiwa walipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Ni nani katika Kuze awekaye akiba ya mwaka?

Na chukueni matibabu ya mateja. Tanzania ilianza kutoa methadone katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014. Mwaka 2015 ikafika Pwani, Malindi na Kisauni. Dawa hii humtuliza mtu asitafute unga, akaweza kufanya kazi na kukaa na watu wake. Wako wanaosema ni kubadilisha kileo kwa kileo. Jawabu letu ni kwamba hupewa na tabibu, kwa kipimo, ili kuiokoa roho, na aliyeiona roho ikitoka katika chumba kile hatalirudia neno hilo. Lakini hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu. Kijana wa Kuze asiye na kazi atatoa wapi nauli ya kwenda ng'ambo ya daraja la Nyali na kurudi, kila siku, kwa miezi na miaka? Dawa ni ya bure, nauli si ya bure. Ni yale yale ya hewa. Kaunti ikitaka kuokoa vijana wa Mji wa Kale, dirisha la kutolea dawa upande wetu huu wa kisiwa litafaa kuliko semina kumi mahotelini.

Hayo ni ya wenye mamlaka, na tumekwisha kuyaandika katika barua ya kumpelekea mwakilishi wetu katika bunge la kaunti. Ama yaliyo mikononi mwetu ni haya. Darsa yetu imefungua kisanduku cha nauli, kwa zaka na sadaka, na vijana wanne wameanza kwenda Kisauni kwa nauli hiyo. Majina yao hayatasomwa msikitini. La pili ni nyumba. Katika Mji wa Kale nyumba za wakfu si chache, na nyingine nyingi ni za jamaa zetu wenyewe tusalio pamoja. Wanafunzi wawili wamezunguka mtaa kuhesabu vyumba vinavyolaliwa visivyo na dirisha, na fundi mmoja amejitolea kufungua matundu ya upepo upande wa ndani, ambako uso wa nyumba hauguswi.

Nilimwendea yule mzee nyumbani kwake kumpelekea jawabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama katika hesabu ya vyumba tumekitia na kile cha marehemu. Nikamwambia ndiyo, ni cha kwanza. Akaniuliza kama nimekwisha kusema na mwenye nyumba. Nikanyamaza, kwani mwenye nyumba ile husimama safu ya kwanza nyuma yangu, na ndiye aliyetununulia mikeka ya darsa. Mzee akachukua bakora yake, akasema tutakwenda sote wawili. Tumeagana Jumamosi, baada ya alasiri.